Ng'ombe wa Babu Hakujua Kiingereza

Nairobi, Jumanne jioni

Mayi, mama yangu,

Mulembe kwako na kwa wote walio chini ya bati letu hapo Tuwan, Kitale. Naomba barua hii ikukute umeketi na mguu umeuinua kwenye stuli kama daktari alivyosema, ingawa nakujua, utakuwa umesimama jikoni ukiisoma huku unakoroga kitu. Uvimbe umepungua? Na nani anakubebea mitungi ya maziwa ya Mjomba yakifika kutoka Endebess? Ukiniambia unaibeba mwenyewe nitakasirika, na hasira niliyo nayo sasa tayari inatosha watu wawili.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na baridi ya huku si kitu kwa mtoto wa Kitale. Chumba nilichopewa kina dirisha na mwenzangu Atieno hakoromi. Basi salamu zimekwisha, Mayi. Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Jumapili ulinipigia ukiwa na furaha hata sauti ilikuwa imepanda. Ulisema, "Naliaka, baba yako leo ameitwa mbele kanisani. Ati amewafundisha maprofesa wa Nairobi! Watu wamepiga makofi mpaka Mchungaji akasahau sadaka." Halafu ukanipa hongera. Nikasema asante Mayi, salio linaisha, nikakata. Salio halikuwa linaisha. Nilikata kwa sababu ningeendelea kukusikiliza ningepiga mayowe, na Atieno alikuwa anasoma.

Hongera ya nini, Mayi? Mtihani nilianguka. Nilianguka kwa sababu ya hotuba hiyo hiyo mliyoipigia makofi.

Na siwezi kusema haya kwenye simu, kwa kuwa simu ya nyumbani mnaiweka spika, na Baba yuko pale pale kwenye kiti chake. Tangu arudi kutoka huku haongei nami ila kwa Kiingereza. Juzi nilimwuliza kama amekula, akanijibu kama anayesoma taarifa ya habari. Kwa hiyo nimekuandikia wewe, na barua nimeitia kwenye kifurushi katikati ya vile vitambaa ulivyoniagiza, ambapo hataigusa.

Wacha nianze pale penyewe, maana najua Baba amekueleza yake.

Unakumbuka nilipowaambia kwamba nataka kuhama kile chuo cha Bungoma, niache ualimu, nije kusomea ukalimani? Baba alikoroga chai yake mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Kwa hivyo unaacha ualimu, kazi ya maana, uende Nailobi usomee Lubukusu, lugha ya nyumbani. Lubukusu si tunakupa hapa bure?" Wanjala kaka yangu akacheka, akasema, "Bana, hata mimi basi ni profesa." Nilieleza mpaka koo likakauka. Nilisema mahakamani kuna mama wa kutoka kwetu anashtakiwa, haelewi anachoulizwa, na anayemtafsiria ni askari aliyeokotwa pale kwenye korido. Nilisema hospitalini watu wanapasuliwa bila kuelewa wanapasuliwa nini. Nikasema hii ndiyo kozi pekee inayowafundisha watu wa lugha zetu kuifanya kazi hiyo sawasawa, na wanaotaka kuingia ni wengi, wanaochukuliwa ni wachache sana.

Hapo kwenye "wachache sana" ndipo Baba aliposikia. Nilipopata nafasi, huyo huyo aliyeuliza Lubukusu ya bure ndiye aliyezunguka Tuwan nzima akieleza jinsi chuo kile kinavyowachuja watu. Sikukasirika. Nilifurahi. Lakini kitu kimoja hamkukisikia, au mlikisikia mkakiacha kipite: nimechukuliwa kwa majaribio. Anayehamia kutoka chuo kingine hupewa muhula mmoja, na mwisho wake kuna mtihani mmoja. Ukiupita, umekaa. Ukianguka, unarudi ulikotoka. Na mimi nilikotoka nafasi yangu nilishaiachia mwingine, Mayi. Sina pa kurudi. Nitarudi Tuwan kukusaidia maziwa, na watu walewale waliopiga makofi waniulize nimerudi kufanya nini.

Mtihani wenyewe uko hivi. Kila mwanafunzi anamleta mtu mmoja kutoka kwao, mtu anayeijua lugha ya nyumbani hadi kwenye mizizi. Mtu huyo anasimama mbele na kusimulia jambo analolijua. Mwanafunzi yuko ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, amevaa vidude vya kusikilizia masikioni, naye anayageuza maneno yale kwa Kiswahili papo hapo, msemaji akiendelea kusema. Walimu wanasikiliza Kiswahili chako. Kuna mwingine anayeijua lugha ile anapima kama umeacha kitu au umeongeza. Msemaji akishaanza huruhusiwi kumwambia neno.

Atieno alimleta nyanya yake kutoka Siaya. Nyanya alisimulia jinsi wanavyokausha samaki, akamkemea mmoja wa walimu kwa kukaa vibaya, na Atieno akalitafsiri hata karipio. Alipita vizuri sana.

Mimi ningemleta nani ila Baba? Nani huitwa aende Ndalu, Bungoma, Kimilili, popote kwenye mazungumzo ya mahari, asimame kwa niaba ya ukoo? Kwenye matanga mtu akitaka watu wasiondoke kabla ya chakula anampa Baba nafasi ya kusema. Nilimwambia Mwalimu Zuhura, mkuu wa kozi yetu, kwamba baba yangu akisimulia kisa cha ng'ombe wa Babu, hata wanaokijua wanakaa chini upya. Nilijigamba, Mayi. Nilijigamba kama mjinga.

Na nilimwambia Baba mapema. Nilimpigia, nikasema, "Baba, utasimulia ng'ombe wa Babu, na utasimulia kwa Kibukusu." Akasema, "Ndiyo ndiyo, mimi najua kuongea." Nikarudia. Akasema, "Si nimesikia?" Kumbe alikuwa amesikia jinsi anavyosikia redio akiwa ananyoa ndevu.

Alifika amevaa ile suti ya kustaafu, na tai, na viatu vinang'aa. Nilipomwona pale langoni moyo ulinijaa, siwezi kukuficha. Lakini hapo hapo mambo yakaanza kuharibika, na hapa ndipo ninapowakasirikia watu wa chuo kabla sijamfikia Baba. Askari wa lango akamsalimu kwa Kiingereza. Msichana wa mapokezi akamkaribisha kwa Kiingereza, akamtundika kitambulisho shingoni kilichoandikwa kwa Kiingereza. Mlangoni mwa ukumbi kuna bango kubwa la kutukuza lugha za Kiafrika, na bango lenyewe limeandikwa kwa lugha gani? Usiniulize. Mwalimu mmoja akampa mkono na kumwuliza habari za safari, kwa Kiingereza vilevile. Mayi, unamjua Baba. Amekaa dirishani mwa ofisi ya serikali pale Kitale miaka yake yote ya kazi. Wakulima walipomjia na lugha ya nyumbani, hata wale waliozaliwa naye kijiji kimoja, aliwaambia, "Hapa ni ofisini." Akawahudumia, lakini kwanza aliwaambia hivyo. Sasa mtu kama huyo ukimpitisha kwenye milango mitatu ya Kiingereza halafu ukamsimamisha mbele ya kipaza sauti, unategemea afanye nini?

Nilipomsindikiza kwenye kiti nilimnong'oneza mara ya mwisho, "Baba, Kibukusu." Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa upole. Akasema, "Wewe Naliaka, unataka niongee kienyeji mbele ya maplofesa? Watasema nini juu yako?" Nikafungua kinywa kumjibu, nikaitwa kibandani.

Basi nimekaa kwenye kibanda changu, vidude masikioni. Baba akasimama. Akanyoosha koti. Akawasalimu mabibi na mabwana, wageni waheshimiwa, na mkuu wa chuo, ambaye hakuwepo. Akaanza.

Kisa cha ng'ombe wa Babu, Mayi! Wewe umekisikia tangu ulipoolewa, na bado ukikisikia unashika ubavu. Jinsi Babu alivyotoka Bungoma kufuata kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Kitale, na ng'ombe wake mmoja tu, na ng'ombe akatoroka akarudi Bungoma kwa miguu yake. Jinsi Babu alivyomfuata, akamkuta Nyanya, aliyekuwa amekataa kuhama, anamkamua mlangoni kana kwamba hakuna lililotokea. Jinsi walivyomwondoa tena, na walipofika Ndalu, katikati ya njia, ng'ombe akalala chini, akakataa kwenda Kitale na akakataa kurudi Bungoma, na Babu akabishana naye kutwa nzima mpaka wenyeji wakaleta viti. Baba anavyoigiza kimya cha ng'ombe! Anavyogeuza shingo polepole! Na mwishowe Babu akachoka, akajenga hapo hapo alipolala ng'ombe, ndiyo maana sisi ni watu wa Ndalu mpaka leo.

Kwa Kiingereza kisa hicho kilikuwa hivi: baba yangu alikuwa na ng'ombe, ng'ombe huyo alikataa kutembea, kwa hiyo tunaishi Ndalu.

Kikaisha. Kisha akaingia kwenye umuhimu wa elimu. Akaingia kwenye maendeleo, amani, na vijana kuepuka dawa za kulevya. Ilikuwa hotuba ya siku ya zawadi shuleni. Mimi kibandani nimekaa kama mbuzi aliyefungwa, sina cha kutafsiri, maana hakuna neno hata moja la Kibukusu lililotoka. Nilimpungia mkono kupitia kioo nikitumaini atakumbuka. Akadhani nampongeza. Akanipungia.

Nyuma ya ukumbi kijana mmoja wa mwaka ulio mbele yetu akaanza kucheka, kwa sababu ya zile el na ar za Baba zinazobadilishana viti. Alikuwa anamrudia kwa sauti ya chini na wenzake wanajificha nyuma ya vitabu. Hapo hasira yangu ilipasuka vipande viwili na sijui kipande kipi kilikuwa kikubwa. Nilimkasirikia Baba kwa kunizika. Na nilitaka kutoka kwenye kile kibanda nimkamate yule kijana masikio nimwambie, huyu unayemcheka angeongea lugha yake ungeliinamisha hilo jichwa lako na kusikiliza. Lakini nilikuwa kwenye mtihani. Nilikaa.

Alipomaliza wakampigia makofi. Makofi ya adabu, Mayi, yale ya kumpigia mgeni. Mwalimu Zuhura akamshukuru, akampa soda. Kisha akaja kibandani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Naliaka, pole. Sina hata neno moja la kukupimia. Kwa sheria ya kozi hii ni kuanguka."

Nikamwambia, "Mwalimu, na nyinyi je? Mmempokea mzee kwa Kiingereza kuanzia langoni mpaka kwenye kipaza sauti, halafu mnashangaa amewajibu kwa Kiingereza? Hata ng'ombe wa babu yangu angechanganyikiwa." Sikujua nina ujasiri huo. Yeye ni mtu wa Lamu, mpole, hakuzoea kupandishiwa sauti na mwanafunzi. Akasema, "Hilo ni kweli, na ni aibu yetu." Akaenda kuzungumza na wenzake, akarudi. Nimepewa nafasi moja tena, kabla muhula haujafungwa. Akasema safari hii msemaji atapokelewa langoni na mtu anayejua lugha yake, na ukumbini hakutakuwa na kipaza sauti cha kusimama mbele yake, ila kidogo cha kubana kwenye shati. Lakini nafasi ni moja. Hakuna ya tatu.

Kwa hiyo hapo ndipo nilipo, Mayi. Na bado sijakwambia kilichonichoma zaidi.

Nilimsindikiza Baba mpaka ofisi ya mabasi. Njia nzima nilikuwa natafuta jinsi ya kumwambia. Alikuwa na furaha sana! Aliniuliza kama niliona yule mzungu mwenye miwani akiandika alipokuwa anasema habari za elimu. Nikasema niliona. Hakuna mzungu, Mayi, ni mwalimu wetu wa sauti, anatoka Nyeri, ni mweupe tu.

Tulipoketi kwenye benchi kusubiri basi, kulikuwa na mama mmoja mzee amekaa na mzigo wake, anaongea kwa simu na mtu wa nyumbani, kwa Kibukusu. Alipomaliza Baba akamgeukia, akamwuliza ni wa wapi. Akasema Chwele. Basi! Ukoo wa nani, umeolewa na nani, unamjua fulani? Na yule mama alipouliza sisi ni wa wapi Baba akasema Ndalu, naye akauliza, mlifikaje Ndalu?

Unajua kilichofuata. Baba akalegeza tai. Akaweka soda ya chuo chini. Akaanza ng'ombe wa Babu.

Sijawahi kumsikia akikisimulia vile. Hata kwenye matanga hakisimulii vile. Akasimama pale katikati ya mizigo, akawa Babu, akawa ng'ombe, akawa Nyanya mlangoni na maziwa. Yule mama alikuwa anajifuta machozi kwa leso. Pembeni yangu alikuwa amekaa mwanamume mmoja, mtu wa Machakos, ananiuliza, "Anasema nini? Huyu mzee anasema nini?" Na mimi, bila kufikiri, nikaanza kumtafsiria. Baba akisema, mimi nyuma yake kwa Kiswahili, sauti ya chini, kama tulivyofundishwa, siachi neno, siongezi neno. Yule bwana akacheka pale pale alipocheka mama wa Chwele. Ng'ombe alipolala Ndalu alijipiga paja akasema, "Aki huyu ng'ombe!" Watu wa benchi la nyuma wakasogea wanisikie. Mayi, ule ndio ulikuwa mtihani wangu. Niliupita pale kwenye ofisi ya mabasi, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyekuwepo.

Kisa kikaisha. Mama wa Chwele akauliza huyu msichana ni nani. Baba akasema, bado kwa Kibukusu, na mimi kinywa changu kilikuwa bado kinakwenda, kinamtafsiria yule bwana bila kuniomba ruhusa: "Huyu ni binti yangu. Yuko chuo kile kikubwa. Leo nimekuja kumsemea. Nimewasemesha Kiingereza chao mwanzo hadi mwisho, ili wasije wakasema mtoto huyu ametoka kwa watu wasiojua kitu."

Niliyatafsiri yote, Mayi, mpaka mwisho. Yule bwana akanitazama, halafu akatazama chini. Mimi nikageukia ukuta.

Sasa utafikiri hasira iliisha hapo. Haikuisha. Iliongezeka! Nani alimwambia sisi hatujui kitu? Nani alimtia kichwani kwamba anachokijua kuliko watu wote wa ukumbi ule ndicho cha kuacha nyumbani, na kile anachokijua nusu ndicho cha kuvaa pamoja na suti? Amejifunga yeye mwenyewe, amenifunga na mimi, na anaenda kutoa ushuhuda kanisani. Nakasirika mpaka machozi yananitoka nikiandika hapa, na Atieno ananiuliza kama kuna msiba.

Basi likaitwa. Sikumwambia. Nilimkumbatia, nikamwambia asante Baba. Ningemwambia nini? "Baba, umeniangusha"? Akiwa ameshika mfuko wa zawadi zako na anatabasamu vile? Nilishindwa. Kwa hiyo yeye hajui. Anadhani nimepita, na kwamba yeye ndiye aliyenipitisha.

Usiseme utakuja wewe mahali pake. Najua umeshaanza kulifikiria. Lugha niliyosajiliwa ni Kibukusu, na wewe Kibukusu chako ulikikuta kwa mume. Ukikasirika au ukifurahi unarudi zako kwenye Kisabaoti cha kwenu, na mbele ya watu wale utafanya yote mawili. Na Baba Mdogo Barasa pia hapana. Kile kisa anakijua, lakini akifika kwa ng'ombe kulala anaanza kueleza bei za ng'ombe wa siku hizi. Ni Baba. Hakuna mwingine. Lazima aje tena, aje bila tai, na asimulie vile alivyosimulia kwenye mizigo ya watu.

Wasalimie nyumbani. Baba Mdogo Barasa pale Ndalu, mwambie asiudhike nami, na mahindi yake yakishakauka anikumbuke. Shangazi aliye sokoni Bungoma mwambie ile leso naivaa hata darasani. Wanjala mwambie kuwa profesa kunataka kuamka mapema, na akubebee mitungi. Mjomba wa Endebess umpe shukrani za ile siagi. Mchungaji msalimie sana, na kama kuna njia ya heshima ya kumzuia asimwite Baba mbele tena Jumapili hii, itafute.

Kuna moja limebaki, na ndilo kubwa. Unakumbuka nikiwa msichana, nilipokuwa nawatafsiria wahubiri wageni kanisani Ndalu likizo zikifika? Yule mmoja aliwafokea wajane, na mimi nikaligeuza likawa neno la upole. Ukaniambia nyumbani, "Vizuri. Maneno makali uwe unayatia maji kidogo kabla ya kuwapa watu." Huku wamenifundisha kuacha hiyo tabia, na imenichukua muhula mzima kuiacha. Sasa nakuomba na wewe uiache, mara hii moja.

Barua hii msomee Baba. Lakini usimsomee kwa Kiswahili nilichoandika. Keti naye baada ya chakula, zima redio, umgeuzie neno kwa neno kwa Kibukusu, kile chako cha kukikuta kwa mume, hivyo hivyo kilivyo. Pale nilipoandika kwamba nilianguka, sema nilianguka. Pale nilipomkasirikia, mkasirikie. Usitie maji. Na ukifika pale kwenye benchi, pale aliposema kwa nini aliongea Kiingereza, usiharakishe. Msomee maneno yake mwenyewe polepole, ayasikie yakirudi.

Akikujibu kwa Kiingereza, kunja barua, mwambie kesho mtaanza tena mwanzo. Akikujibu kwa lugha yake, hata kama ni kunitukana, mkatie tiketi.

Ni mimi binti yenu,
Naliaka